Kitu Kinachopanda Kifuani

Nilijua mama anaumwa siku aliponipa sufuria yake kubwa.

Kwa wasiomjua mama yangu, jambo hili linahitaji maelezo. Sufuria hiyo aliinunua kabla sijazaliwa. Imepikia harusi, ubatizo na misiba ya nusu ya kijiji, na kila aliyeiazima aliirudisha imesuguliwa kwa mchanga na majivu, maana mama alikuwa akiikagua mbele yake, ndani na nje, kabla ya kuitikia salamu. Mimi mwenyewe, mtoto wake wa kwanza, niliwahi kuiomba kwa ajili ya kipaimara cha mwanangu nikaambiwa ninunue yangu. Sasa Jumamosi hiyo nimefika nyumbani, nimeamkia, nimekaa kwenye kigoda, naye anatoka jikoni ameibeba kwa mikono miwili.

"Chukua," akasema. "Utawapikia wanao."

"Na wewe utapikia nini?"

"Mtu mmoja ana ulaji gani."

Wifi yangu, mke wa mdogo wangu, anayeishi nyumba ya jirani na mama, alikuwa ameshapewa vitenge vitatu na jembe jipya. Vitenge ningeweza kuvielewa. Lakini mwanamke wa kwetu Ufipa akigawa jembe jipya katikati ya msimu na kubaki na lile lililolika, huyo ameshaanza kuaga. Nikamuuliza anaumwa nini, akasema haumwi. Nikakasirika. Watu wengine wakiogopa hulia, mimi hukasirika, na wanafunzi wangu wa pale Sumbawanga mjini wanaweza kunitolea ushahidi. Nafundisha biolojia sekondari. Nalitaja hili mapema ili aibu yangu ieleweke vizuri huko mbele.

Ilinichukua mchana kutwa kumtoa maneno. Jioni, tukichambua maharage, akasema kuna kitu kinapanda. Kinaanzia hapa, akaweka kidole mahali mbavu zinapokutana, kinapita katikati ya kifua kinachoma, mpaka kooni. Akiinama kinakuja na maji machungu mdomoni. Ugali nao siku hizi haushuki moja kwa moja, unasimama njiani kwanza kama unafikiria, ndipo ushuke. Mara nyingine kifua kinabana mpaka anashika mlango.

"Tangu lini?"

"Tangu mavuno yale."

Yaani karibu mwaka. Nilikuwa nakwenda nyumbani kila baada ya wiki mbili, nakaa naye, nakula naye, nalala chumba kimoja naye. Alinificha mwaka mzima na alinificha vizuri. Nikajipa sababu kwamba aliogopa kwenda kuambiwa ugonjwa wake, kama wazee wengi wanavyoogopa, nikaona nimemwelewa.

Alikuwa na sababu ya kuogopa. Dada yake, mama yangu mkubwa, aliyeolewa Milepa, kule chini kwenye bonde la Rukwa, alianza hivyo hivyo. Chakula kilimgomea, kwanza ugali, kisha wali, kisha uji, mwisho hata maji yakawa yanarudi. Alikonda mpaka pete ya ndoa ikawa inadondoka. Sisi wa huku juu tulifanya kikao cha simu. Ilikuwa masika, barabara ya kupandisha kutoka bondeni ilikuwa inateleza, na mgonjwa amebaki mifupa. Nikaombwa ushauri kama mtu niliyesoma. Nikasema hiyo ni saratani ya koo, ikishafika hapo haina dawa, tusimtese mgonjwa kwa safari, tumwache apumzike kwake. Kila mtu aliona nimesema vizuri. Mama hakusema neno, nikachukulia amekubali. Mama mkubwa alipumzika kwake wiki sita, kisha tukashuka kumzika.

Kwa hiyo mama aliposema ugali unasimama njiani, sikuwa na haja ya kumuuliza anawaza nini. Alikuwa anawaza kaburi la dada yake. Na mimi nilikuwa nawaza hilo hilo.

Kujiandaa kufa ni jambo moja, ntumba ni jambo lingine. Kwetu, mvua zinapoelekea ukingoni, watu hukata majani ya shamba zima kwa jembe, huyakusanya, na kuyafukia ndani ya matuta ya duara ili yaoze. Hayo ndiyo ntumba. Mwaka unaofuata yanabomolewa, udongo unatandazwa, ulezi unasiwa humo. Ni kazi ya kuinama. Mtu anainama asubuhi, anainuka saa saba kula ugali wa kutosha, anainama tena na ugali wake tumboni mpaka jua linashuka. Ukiwa mbali na shamba unaona migongo tu. Mama amevuka miaka sitini na tano na migongo ya vijana humpisha.

Wanawake wa huku hawaendi ntumba bila kujifunga kibwebwe. Kitenge kinakunjwa kiwe chembamba, kinazungushwa tumboni mara tatu, kinakazwa mpaka mgongo usimame wenyewe. Mama alikuwa anajifunga hivyo tangu usichana wake. Lakini mwaka huo alikigundulia kibwebwe kazi ya pili. Kama kitu kinatoka tumboni kinapanda kifuani, hoja yake ilikuwa, basi kifungiwe njia. Kikianza kuchoma anakaza. Kikichoma zaidi anakaza zaidi. Akawa hakivui hata nyumbani, anakula nacho, anapumzika nacho mchana baada ya kula.

Jumamosi ya pili nilimkuta shambani, akaniita nimsaidie kufunga maana mikono yake imechoka. Nikashika ncha mbili za kitenge nikavuta.

"Kaza."

Nikakaza.

"Kaza, mwalimu, au shule hawawapi chakula?"

Nikaweka goti kiunoni pake nikavuta kwa uzito wangu wote, nami nina kilo zangu. Akashusha pumzi, akaniambia sasa hapo. Kisha akainama kwenye tuta lake. Mimi nikakaa pembeni, nikajisikia kwamba leo nimemfaa mama yangu.

Zahanati ya kijijini walimpima malaria, hana. Presha nzuri kuliko yangu. Mhudumu akasikiliza habari ya kuchoma na maji machungu, akasema vidonda vya tumbo, akatoa vidonge. Sikubishana naye, nilikuwa nimeshafikia jibu hilo hilo mwenyewe kwenye gari, maana lile la kwanza sikutaka hata kulitaja. Vidonge vilisaidia. Kwa wiki tatu ugali ulishuka bila kusimama, na mama alifika kwa wifi akachukua kitenge kimoja katika vile vitatu, kile cha rangi ya kahawia. Wiki ya nne vidonge viliisha, kitu kikapanda kwa hasira mpya, naye akakirudisha kitenge kimekunjwa vizuri. Wifi hakuuliza kitu. Ameolewa kwetu siku nyingi.

Wakati huo kundi la ukoo kwenye WhatsApp lilikuwa limeshampima mama bila kumwona. Mjomba wangu anayeuza samaki Kabwe, ziwani, alituma ujumbe wa sauti wa dakika sita, nusu yake ni injini ya mtumbwi, akieleza kwamba ni gesi ya maharage na dawa yake ni migebuka. Migebuka anauza yeye. Mwingine alituma picha ya kitunguu saumu peke yake, bila maneno, kana kwamba kila mtu anajua kinachofuata. Shemeji mmoja akaandika kwamba kuna watu wamemrushia mama kitu, yaani uchawi. Ofisini kwetu nako, mwalimu mmoja wa Pwani aliyehamishiwa huku aliposikia mama ana kitu kinachopanda kifuani alitabasamu, akasema, "Si ndiyo Sumbawanga yenyewe hii." Nilimwambia hata kwao kinapanda, sema huko wanamlaumu mpishi. Hatukuongea mpaka wiki ya mitihani.

Kilichonitoa kwenye vidonda vya tumbo ni kanisa. Jumapili moja, mama akiwa amepiga magoti, rozari ikamponyoka. Akainama kuiokota akabaki huko huko chini. Kifua kilikuwa kimebana, jasho linamtoka kwenye baridi ile ya asubuhi, mkono umeshika upande wa kushoto. Waliokuwa karibu wote wakasema ni moyo. Waliponipigia simu nilikuwa nasahihisha madaftari. Sikumbuki nilivyofunga mlango. Nakumbuka nikiwa barabarani na kalamu nyekundu mkononi, nasimamisha bajaji.

Nilimkuta ameshaketi, kitu kimeshuka, na kumleta mjini ilibidi nimdanganye. Nilimwambia kuna daktari wa macho amekuja, wazee wanapimwa. Mama akakubali kupimwa macho. Alijua ni uongo, na mimi nilijua kwamba anajua, lakini ile habari ya macho ilitusaidia sote wawili kupanda gari bila kugombana.

Daktari aliyetupokea hospitalini alikuwa kijana ambaye ningeweza kuwa nimemfundisha, jambo ambalo halikunipa amani hata kidogo. Akamwamkia mama, akamsikiliza kifua, akaagiza kile kipimo cha moyo cha nyaya. Moyo ukaonekana mzima. Badala ya kutupa vidonge twende zetu, akavuta kiti akakaa mbele ya mama.

"Bibi, hicho kitu kinapanda ukiwa unafanya nini?"

"Nikiinama."

"Ukipanda mlima je? Ukibeba ndoo?"

Mama akafikiri. "Kwenda kanisani ni mlima mtupu. Sijawahi kukiona mlimani."

"Ukilala?"

"Nikilala baada ya kula, kinakuja. Nikikaa kinashuka."

"Ukishiba sana?"

"Kinakuja na maji yake."

Yule kijana akanigeukia mimi, labda kwa kuwa nilivaa kama mtu wa kueleweshwa. Akasema moyo ukiumwa kwa kawaida hulalamika mtu akihangaika, kama pale mlimani. Kitu hiki kinalalamika akiinama kuokota rozari na akilala kashiba. Nikaitikia kwa kichwa. Ningempa alama zote. Kilichonikera ni kwamba maswali yale yalikuwa mepesi, na mimi kwa miezi yote ile sikuuliza hata moja.

Kisha akagusa tumbo la mama, akasita.

"Bibi, hiki ni nini?"

"Kitenge."

"Kifungue kidogo."

"Nikikifungua kitapanda."

Kijana hakubishana. Akaandika karatasi ya picha ya kifua, akasema huko kwenye picha hawaruhusu kitenge, ni utaratibu. Mama anaheshimu utaratibu. Nikamfungua mimi mwenyewe, kwenye kichumba cha kubadilishia nguo, na fundo lilikuwa gumu kwa sababu nililifunga mimi asubuhi ile. Chini yake ngozi ilikuwa na mifereji mitatu, mmoja kwa kila mzunguko. Alisimama amejishika tumbo kwa mikono miwili, anasubiri kitu kipande. Nikatamani kumwomba msamaha, lakini sikujua bado ni wa nini.

Daktari alibandika picha kwenye ubao wenye taa. Mbavu, mapafu, kivuli cha moyo. Nyuma ya moyo kulikuwa na kiduara ambacho hakikupaswa kuwapo, juu cheusi, chini cheupe, na katikati mstari ulionyooka kabisa, kama chupa ya maji isiyojaa.

"Hapo juu ni hewa, hapo chini ni maji maji," akasema. "Hili ni tumbo. Yaani tumbo la chakula."

"Mbona liko kifuani?" nikauliza.

"Ndiyo ugonjwa wenyewe."

Akachukua kalamu achore, na kabla hajamaliza mstari wa kwanza nikaona anachochora, nikatamani dawati linifunike. Alichora kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Katikati akaweka tundu ambamo koo la chakula hupita kwenda chini. Mchoro huo nimeuchora ubaoni kila mwaka tangu niajiriwe. Nimetunga maswali juu yake. Nimekata alama za watoto waliosahau kuonyesha lile tundu. Mwaka mmoja binti wa kidato cha tatu alinyoosha mkono akauliza, mwalimu, tundu likitanuka itakuwaje? Nilimwambia hilo halitoki kwenye mtihani.

Tundu likitanuka, yule kijana akaeleza, sehemu ya juu ya tumbo inateleza inaingia kifuani, asidi inarudi kooni, inachoma, na kifua kinabana mtu adhani ni moyo. Umri hulegeza lile tundu. Kazi ya kuinama kutwa inasukuma. Akaokota kitenge cha mama kwenye kiti.

"Bibi, gunia la unga ukilikaba katikati, unga unaenda wapi?"

Mama si mtu wa kuulizwa habari za magunia. "Mwingine chini, mwingine juu," akasema. Akaniangalia mikono.

Nilikuwa nimeshaificha chini ya mkoba.

Ningependa kusema tulirudi nyumbani tukiwa wepesi. Lakini kijana yule alikuwa mwaminifu, na waaminifu wana tabia ya kuendelea kuongea. Akasema picha hii imemwonyesha tumbo limepanda, haikumwonyesha kama kuna uvimbe ndani ya koo. Mtu ambaye chakula kinamkwama, amepungua uzito, na ana umri kama wa bibi, ni lazima aangaliwe kwa kamera, mpira mwembamba unaopitishwa mdomoni. Kwa hiyo twende Mbeya. Mama alisikia neno moja tu katika maneno yote yale, uvimbe. Nje, kwenye ngazi, alisema tumempotezea kijana wa watu muda wake.

Safari ya Mbeya ni siku nzima ukihesabu na kusubiri. Kitenge alikubali kukiacha, akasafiri amelishika tumbo lake kwa mikono mpaka Tunduma. Kuanzia Laela alinipa maagizo. Azikwe upande wa baba, si upande wa barabara. Kwaya iimbe nyimbo fupi, kwa sababu upepo wa makaburini ni mkali na watu wana mafua. Wifi asiachiwe kupika peke yake. Alizungumza kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi dukani, na mimi nikawa naitikia ndiyo mama, ndiyo mama, huku nimegeukia dirishani ili asinione uso. Nilikuwa naomba. Mimi siyo mwombaji mzuri, huwa napoteza mawazo, lakini siku ile sikupoteza.

Asubuhi yake wakamwingiza kwenye chumba cha kamera, mimi nikabaki kwenye benchi la nje. Nasema wazi kwamba niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nilisoma tangazo la kunawa mikono lililobandikwa ukutani mpaka nikagundua makosa mawili ya herufi. Nilimfikiria mama mkubwa, alivyokuwa anatema maji kwenye bakuli na kutuomba radhi. Nikajiambia mama akitoka na jibu lile, nitaacha kazi nikakae naye kijijini, halafu nikajiambia tena kwamba huko ndiko kumwacha apumzike, na neno hilo likanichoma kifuani bila ya mimi kuinama.

Tuliitwa pamoja. Daktari wa pale alikuwa mwanamama mtu mzima, mpole, mwenye kuongea taratibu. Akatuonyesha picha za rangi ambazo sikuzielewa, pamoja na elimu yangu.

"Hakuna uvimbe," akasema. "Nimeangalia koo lote, nimeangalia tumbo lote. Koo limeungua kwa asidi, huku chini limevimba kidogo kwa ule wekundu, ndiyo maana ugali unasita. Na tumbo limeteleza juu, kama mlivyoambiwa Sumbawanga. Ni ngiri ya kwenye kiwambo."

Mama akakaa wima. "Ngiri?"

"Ndiyo, mama."

"Si ya wanaume hiyo?"

Daktari akaeleza kwamba ngiri ziko nyingi, hii ya kifuani haichagui, na wanawake wanaipata sana. Mama alisikiliza mpaka mwisho kwa heshima, kisha akanigeukia akaninong'oneza kwa sauti ambayo hata mlinzi wa getini aliisikia: "Kule nyumbani usiseme ngiri. Waambie nina moyo."

Nikacheka. Nilicheka vibaya, kwa pua. Daktari naye akacheka, na kwa dakika chache tulikuwa watu watatu wenye furaha. Akatoa maagizo. Vidonge vya kupunguza asidi, kwa miezi. Kula kidogo kidogo mara nyingi. Asilale kabla chakula hakijashuka. Miguu ya kitanda upande wa kichwani iinuliwe kwa matofali. Asijifunge tumbo na kitu chochote. Asiiname kutwa.

"Na ntumba?" mama akauliza.

Daktari hakuwa mtu wa Ufipa, ikabidi nimweleze ntumba ni nini. Akasema hapana.

"Hata kumi?"

"Hata kumi, mama."

"Tano nikipiga magoti?"

Daktari akaniangalia kuomba msaada. Sikuwa nao. Mwisho walikubaliana tano kwa magoti, baada ya kupona, asubuhi kabla ya kula. Nilimwona mama akizipanga kichwani, zipi na wapi. Alikuwa amerudi. Nilijua kwamba tukifika nyumbani nitaambiwa nirudishe sufuria, na nitairudisha imesuguliwa.

Tulikuwa tumeshasimama kuaga, mama ameshika kitasa, alipogeuka.

"Daktari, samahani. Nilikuwa na dada yangu. Naye ugali ulikuwa unasimama. Naye kilikuwa kinapanda. Ilikuwa hii hii?"

Daktari akavua miwani. "Alipimwa wapi, mama?"

"Hakupimwa."

"Basi siwezi kujua. Kama alifika mahali hata maji hayapiti, na akakonda sana, huenda ulikuwa ugonjwa mwingine, mbaya zaidi. Huenda. Lakini sikumwona. Hakuna aliyemwona."

Mama akashukuru, akafungua mlango.

Tukakaa kwenye lile benchi la nje kusubiri dawa. Watu wengine walikuwa wamekaa na bahasha zao magotini. Nikasema, kwa sababu ilikuwa lazima mtu aseme.

"Mama, mimi ndiye niliyesema mama mkubwa asiletwe. Nilisema kama ninayejua, na sikuwa najua. Nilimwonea huruma, basi."

"Najua," mama akasema. Hakuwa na hasira. Alikuwa anasoma karatasi ya dawa aliyopewa, ameiweka mbali na macho, maana macho nayo yalikuwa yanahitaji kupimwa kweli. "Ndiyo maana mimi sikukwambia. Niliogopa na mimi utanionea huruma."

Nikalia pale pale, kwa sauti, mtu mzima na mkoba wangu. Mama akanishika mkono akautikisa kidogo, akaniambia ninyamaze, watu watadhani tumepewa majibu mabaya.